Bila Anwani

Alipoambiwa tunakwenda kuangalia masanamu
Mama aliweka kikombe chini.
"Masanamu? Na leo Ijumaa?"
Mundhir akamwambia hayana macho,
hayana pua, mawe tu yaliyochongwa.
"Basi kama hayana macho nitayatazama mie,"
akataka chupa ya chai ya tangawizi
na sambusa za jana zitiwe kwenye kopo la halua.

Tulingoja jua lipunguze hasira.
Hata hivyo marumaru yalikuwa bado na moto wa mchana,
ukiyagusa yanakujibu.
Nyuma ya bustani milima mitupu, rangi ya mkate mkavu,
mbele barabara kuu, magari yakivuma kwenda Sib,
na katikati mawe kumi na saba, niliyahesabu,
kila moja na kijibao chake.

Watoto walitangulia kutoa majina.
Hili sikio. Hili jino la nyangumi.
Lile lenye tundu, Azza alichungulia
akaona uso wa mdogo wake upande wa pili,
wakapiga kelele kana kwamba hawakuja gari moja.
Wifi yangu Ghaliya alitaka picha, hapa, na pale tena,
pindo la abaya likichukua vumbi jeupe.
Mume wangu alilizunguka jiwe moja mara mbili,
mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe,
akatoa hukumu: "Hili ghali."

Mama alipita na fimbo yake,
goti moja likimlalamikia,
mpaka karibu na ukuta wa mwisho,
penye jiwe fupi lililopiga magoti,
shingo ndefu imechomoza mbele,
ncha yake bapa, ina menomeno.

Akacheka peke yake.
Akakunja abaya, akakaa upande, mapaja pamoja,
mikono miwili ikashika kitu ambacho hakikuwepo
ikaanza kuzungusha.
Kru, kru. Sauti aliitia mwenyewe.

"Mbuzi!"
"Mbuzi gani, Bibi? Hana pembe."
"Mbuzi ya nazi. Huyu hali majani."
Azza, ambaye nazi anaijua ya kopo,
alimtazama kwa huruma.

Mlinzi akaja mbio, kofia mkononi,
shati la buluu, kifuani limeandikwa Sasidharan.
"La, mama, la! Mamnua!"
Kiarabu chake cha kuokoteza, kama cha Mama.
Mama hakuinuka. Alimwonesha tu:
kiganja, duara, kru.

Mlinzi alisimama kimya.
Alilitazama jiwe alilolilinda miaka minne.
Kisha akachuchumaa kwenye nyasi
akazungusha mikono yake naye,
na likamtoka neno la kwao
ambalo hatukuuliza maana.
Walikuna hivyo, wawili, hewa tupu.
Sijawahi kuona kazi bure ikifanywa kwa makini vile.

Azza akainamia kijibao, akasoma.
"Limeandikwa bila anwani, Bibi."
"Halina anwani? Maskini. Barua zake zinakwenda wapi?"

Mundhir alitaka kueleza
kwamba anwani hapa ni jina,
kwamba mchongaji alikataa kulipa jiwe jina.
Alifungua mdomo.
"Hata sie," Mama akasema, "mwaka ule wa kufika.
Barua zilipitia kwa muuza vitambaa, Matrah.
Akizisoma kwanza, yule bwana.
Alijua nani amekufa kabla yetu."
Mundhir akafunga mdomo.

Sasidharan alikula sambusa kwa matonge mawili
akaonesha kamera juu ya nguzo, akaomba radhi.
Mama akainuka, akaipangusa mbuzi kwa mtandio wake
kama chombo cha kuazima.

Njiani tulisimama kununua nazi moja.
Nyumbani hatuna cha kukunia.
Mundhir aliivunja kwa nyundo, kwenye ngazi ya mlango,
maji yote yakamwagikia viatu,
tukala vipande hapo hapo, tumesimama,
chini ya kibao cha nambari ya nyumba.